Bolti ya Breki: Irudi au Isirudi?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu, wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, katika mkutano wetu wa mwaka.)



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya mafanikio katika maisha. Nilipoisoma nilicheka peke yangu, maana mimi ni fundi wa pikipiki. Wenzangu waliotangulia kusema hapa wametaja wizara na vyuo vikuu, nami nawapongeza. Mimi nimekuja na kopo. Kopo hili zamani lilikuwa la maziwa ya unga. Sasa limejaa bolti, nati na washa kuukuu. Kila gereji ina kopo lake kama hili. Fundi akipungukiwa na bolti hulimwaga chini, huchagua kwa kidole, hupata inayofanana, na kazi huendelea.

Leo nataka kuzungumza juu ya swali moja tu linalotoka ndani ya kopo hili. Bolti ya breki ya pikipiki ikifunguliwa, je, irudishwe au itupwe? Najua wapo wanaosema moyoni kwamba jambo hili ni dogo mno kuletwa mbele ya mkutano. Nami nilidhani hivyo mpaka mwaka 1984.

Mwaka ule nilikuwa kijana wa gereji, mwaka wa tatu tangu nimalize kidato cha nne hapa. Watu wa rika langu wanakumbuka hali ilivyokuwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, fedha za kigeni hazikupatikana, na vipuri vilikuwa adimu kuliko sukari na sabuni. Fundi hodari wa siku zile hakuwa yule anayejua kufunga kitu kipya, bali yule anayejua kukirudisha kazini kilichochoka. Tulikata matairi makuukuu tukachonga bushi. Tulinyoosha spoku. Siuonei haya ufundi ule, maana ulitulisha sisi na uliwafikisha watu safari zao.

Siku moja bwana shamba mmoja alileta pikipiki yake ibadilishwe viatu vya breki ya nyuma. Kazi yenyewe haizidi saa moja. Nilichomoa gurudumu, nikaweka viatu vipya, nikarudisha gurudumu mahali pake. Sasa, katika breki ya namna ile kuna mkono wa chuma unaoishika sahani ya breki na kuifunga kwenye uma wa nyuma. Mwisho wa mkono huo kuna bolti na nati, na katika tundu la bolti hupita pini ndogo ya waya yenye miguu miwili, ambayo hukunjwa ili nati isipate njia ya kufunguka. Sisi mafundi twaiita kotapini. Nilipoichomoa ilikuwa imepinda, na mpya hatukuwa nayo. Niliilaza juu ya kipande cha reli, nikainyoosha kwa nyundo, nikairudisha na kuikunja tena. Mwenye pikipiki alikuwa amekaa kivulini anakunywa chai. Sikumwambia kitu.

Baada ya wiki tatu hivi, yule bwana alikuwa akiteremka kilima katika barabara ya vumbi. Kotapini ilikuwa imekwisha kukatika, nati ikawa imejifungua njiani, na bolti ikadondoka. Alipokanyaga breki, sahani nzima ilizunguka pamoja na gurudumu, ikaivuta fimbo ya breki na kuikunja, na gurudumu likakwama ghafla. Alivunjika mguu mahali pawili.

Alikuja gereji baada ya miezi mitano akitembelea magongo. Hakuja kugomba. Alikaa pale pale kivulini, akaniita.

"Kijana, ile pini uliyoniwekea, ilikuwa mpya?"

"Hapana, mzee. Niliinyoosha ile ya zamani."

Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Ungeniambia, ningekwenda polepole mpaka nipate nyingine."

Ndugu zangu, hakuniambia kwamba ningeweka mpya. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba mpya haikuwepo. Alisema ningemwambia. Maneno yale ndiyo yaliyonifanya nianze kuzisoma bolti kama nilivyopaswa kuzisoma tangu mwanzo, na ndiyo yaliyonileta mbele yenu leo.

Kwanza tuelewane bolti ya breki inabeba nini. Pikipiki nyingi za bodaboda tunazoziona hapa Dodoma, katika vituo vya mjini hata njia za Bahi, Kongwa na Chamwino, zina breki ya dramu nyuma. Mbele, nyingine zina dramu na nyingine zina diski. Katika dramu, ukikanyaga breki, viatu viwili hutanuka na kuusugua ukuta wa dramu kwa ndani. Dramu inazunguka, kwa hiyo hutaka kuviburuta viatu vile, pamoja na sahani inayovibeba, vizunguke nayo. Kinachokataa ni ule mkono wa chuma niliowaeleza, na kinachoushika mkono ni bolti moja kila mwisho. Basi dereva anapokanyaga breki kwenye mteremko, akiwa na abiria na gunia la mkaa nyuma, nguvu ya kusimamisha mzigo wote ule inapita katika bolti isiyozidi unene wa kidole changu kidogo.

Kwenye breki ya diski mambo ni yale yale kwa sura nyingine. Kalipa inayoibana diski hufungwa kwenye shokapu ya mbele, mara nyingi kwa bolti mbili. Moja ikidondoka, kalipa huning'inia kwenye iliyobaki, na ikifika kwenye spoku, gurudumu la mbele husimama wakati dereva bado anakwenda. Kwa sababu hiyo bolti ya breki haihesabiwi pamoja na bolti ya madigadi au ya taa. Bolti ya madigadi ikianguka, utasikia kelele. Ya breki ikianguka, kelele utakayoisikia ni ya watu wanaokuja kukuokota.

Pili, bolti ni kitu gani? Hapa nawageukia vijana wa fizikia. Wengi hudhani kwamba bolti ni msumari wenye meno, kwamba hushika kwa sababu imeingia tunduni. Sivyo. Bolti ni springi. Unapoikaza, unaivuta ikarefuka kwa kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho, nayo kwa kutaka kurudi urefu wake huvibana vyuma viwili pamoja. Mnaikumbuka ile kanuni ya Robert Hooke, aliyoitangaza mwaka 1678, kwamba springi hurefuka kadiri ya mzigo unaotundikwa. Tena mnakumbuka kilichotokea maabara pale mtundu mmoja alipotundika mawe yote kwa pamoja: springi ilinyooka na haikurudi tena. Bolti nayo ina mpaka wake. Ikivutwa ndani ya mpaka, ukiifungua hurudi urefu wake wa kwanza na yaweza kutumika tena. Ikivutwa kupita mpaka, imekwisha, hata kama inang'aa kama mpya.

Mpaka huo umeandikwa kichwani mwa bolti. Tazameni hii ninayoishika. Juu ya kichwa kuna namba 8.8. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu inayoweza kuikata kwa kuivuta, yaani nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba. Namba ya pili inasema kwamba itaanza kunyooka bila kurudi ikifika sehemu 8 kati ya 10 za nguvu hiyo, yaani 640. Bolti ya 8.8 yenye unene wa milimita 8 hukatika kwa mvuto wa karibu tani tatu. Bolti ya unene huo huo yenye namba 4.6, ambayo ni ya chuma laini cha kufungia mageti na madawati, hukatika kwa nusu ya mzigo huo, na huanza kunyooka mapema zaidi, kabla hata ya kufika tani moja.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Bolti ya milimita 8 ya kufungia kalipa kwenye pikipiki ndogo hukazwa kwa kiasi cha nyutoni-mita 25 mpaka 30. Kiasi chenyewe kimeandikwa katika kitabu cha kila pikipiki, nacho ndicho cha kufuatwa. Mtu asiye na spana ya kipimo atapataje kujua nyutoni-mita 30 ni nguvu gani? Chukua spana, pima sentimita 20 kutoka katikati ya bolti, na fikiria umetundika pale ndoo ambayo pamoja na maji yake ina uzito wa kilo 15. Ndiyo hiyo. Nguvu hiyo ndogo, kwa hila ya meno, huivuta bolti kwa zaidi ya tani moja na nusu, yaani zaidi ya magunia 15 ya mahindi. Bolti ya 8.8 huubeba mzigo huo na kubaki na akiba. Ile ya 4.6 haiwezi: itanyooka, au itakatika mkononi mwako. Ikinyooka bila kukatika ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa utaifunga, utamkabidhi mwenyewe, naye ataondoka akikushukuru.

Tena kuna jambo ambalo mafundi wengi hatukufundishwa. Katika kila sehemu 10 za nguvu unayotia kwenye spana, karibu 5 huishia kwenye msuguano wa chini ya kichwa, na 4 kwenye msuguano wa meno. Iliyobaki, sehemu 1 tu, ndiyo inayoivuta bolti. Kwa hiyo ukibadilisha msuguano, umebadilisha kila kitu. Meno yenye kutu na vumbi hula nguvu yote: spana inasema bolti imekaza, kumbe haijabana. Meno yaliyopakwa grisi hufanya kinyume: kwa ndoo ile ile bolti huvutwa kupita kiasi. Basi safisha meno, yaache makavu, wala usipake kitu ambacho kitabu hakikusema.

Tatu, kwa nini bolti hujifungua? Hili linatuhusu sana sisi watu wa uwanda wa kati. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwa majaribio kwamba mtikisiko unaoifungua bolti upesi kuliko wote ni ule wa kusukuma vyuma huku na huku, upande kwa upande. Vyuma vikiteleza hata kidogo, meno hupoteza msuguano, na nati huanza kurudi nyuma yenyewe, kidogo kidogo. Imeonekana pia kwamba washa ya springi tunayoitegemea haizuii sana jambo hilo. Kinga ya kwanza ni kubana vya kutosha ili vyuma visiteleze kabisa.

Sasa tazameni barabara zetu. Lami imefika mbali, na wenye kwenda Iringa au Babati leo hawayajui mateso yetu. Lakini ukiacha lami ukaingia njia ya kijijini wakati wa kiangazi, ardhi imejikunja migongo migongo kama bati. Pikipiki inayopita juu ya migongo ile hutikiswa mara nyingi kwa kila sekunde, saa nzima, siku zote. Juu ya hayo kuna vumbi letu jekundu lililo laini kama unga, linaloingia katika kila tundu. Na masika yakianza, matope ya mbugani hukaukia juu ya vumbi lile na kutu huanza kazi. Mtu aliyetaka kuijaribu bolti asingepata mahali pazuri kuliko hapa.

Sasa tuje kwenye swali letu: ipi irudi na ipi isirudi?

Visivyorudi hata siku moja ni hivi. Cha kwanza ni kotapini. Waya uliokunjwa, ukanyooshwa, ukakunjwa tena, huvunjika; kila mtoto aliyewahi kukata waya bila koleo analijua hilo, nami nililijua, nikalisahau siku niliyoihitaji elimu hiyo. Cha pili ni washa ya bati inayokunjwa ubavuni mwa nati, kwa sababu ile ile. Cha tatu ni washa za shaba au aluminiamu zinazokaa pande mbili za ile bolti yenye tundu ipitishayo mafuta ya breki. Hizo huziba kwa kupondeka, na zikishapondeka mara moja zimetimiza kazi yake. Cha nne ni nati yenye pete ya nailoni, kwa upande wa breki. Nailoni ikisha kuchongwa na meno hailegei siku hiyo hiyo, lakini haishiki kama mwanzo. Cha tano ni bolti yoyote ambayo kitabu cha pikipiki kimeagiza ibadilishwe kila ifunguliwapo. Vitabu vya Honda, kwa mfano, huagiza hivyo kwa bolti za kalipa katika pikipiki nyingi, kwa kuwa bolti hizo hutoka kiwandani zikiwa na gundi kavu kwenye meno, na gundi hiyo hufanya kazi mara moja.

Zilizobaki zaweza kurudi, lakini kwanza zijibu maswali matano.

Swali la kwanza: je, wewe ndiye mwenyewe? Unene, urefu, meno na namba ya kichwani vilingane na kitabu. Angalieni sana meno. Ziko bolti za milimita 10 ambazo kutoka jino mpaka jino ni milimita 1.25, na ziko zenye milimita 1.5. Kwa macho ni mapacha. Ukiiingiza isiyo yake itakwenda mizunguko miwili au mitatu, kisha itakwama. Na ukiongeza nguvu, yatakayokatika ni meno ya aluminiamu ndani ya kalipa, na hasara yake ni kubwa kuliko bolti mia. Kwa hiyo kila bolti ianze kwa vidole, siyo kwa spana.

Swali la pili: meno yako mazima? Isafishe kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, ikauke, halafu pitisha nati mpya kwa vidole kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ikiteleza vizuri, kisha ikakaza katikati, huenda bolti imenyooka pale. Ilaze ubavuni mwa bolti mpya, meno kwa meno, uzielekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita mahali ambapo meno hayakutani, usiendelee kuuliza.

Swali la tatu: umenyooka? Iviringishe juu ya kioo. Iliyopinda hutikisika. Usiinyooshe, wala usiitie motoni. Bolti ngumu imepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa kiwandani, na moto wa kuchomelea huutoa ugumu huo wote.

Swali la nne: kiuno chako kikoje? Tazama chini ya kichwa na mahali ule mkono wa breki unapokaa. Kama kuna mikwaruzo mirefu, vishimo vya kutu, au pamepungua unene, hapo ndipo itakapokatika.

Swali la tano: kichwa chako kina pembe? Kichwa kilichoviringana kwa spana mbovu hakiwezi kukazwa sawasawa, na siku ya kufunguliwa kitahitaji patasi.

Ikishindwa swali moja tu, isirudi. Na hapa nina ombi kwa mafundi wenzangu: bolti iliyokataliwa ikatwe kwa msumeno siku ile ile. Usiitupe katika kopo hili. Wewe unajua kwamba imekataliwa, lakini kijana wako wa kazi hajui, na siku usipokuwepo ataimwaga chini, ataichagua kwa kidole, naye ataona inafanana.

Nilisema inafanana, na neno hilo lina hatari yake. Nataka niwape kisa kimoja kilichotokea mbali, kwa watu wenye vitabu na vifaa kuliko sisi. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways iliruka kutoka Birmingham, Uingereza, kwenda Málaga, Hispania. Ilipokuwa angani, kioo cha mbele upande wa rubani kilifumuka, na upepo ukamvuta rubani nje mpaka kiunoni. Wahudumu walimshika miguu mpaka rubani msaidizi alipoitua ndege Southampton. Kwa rehema ya Mungu rubani alipona. Uchunguzi ulipofanyika ilionekana kwamba kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari. Kati ya bolti 90 zilizokifunga, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa kwa milimita 0.66 tu, na 6 zilizobaki zilikuwa fupi. Na ilitokeaje? Fundi alichukua bolti kuukuu iliyotoka kwenye kioo cha zamani, akatafuta stoo zinazofanana nayo kwa macho. Hata hiyo kuukuu yenyewe haikuwa sahihi. Aliyemtangulia alikuwa ameweka bolti fupi. Kitabu cha orodha ya vipuri hakikufunguliwa.

Nasema haya kwa sababu sisi huwa tunakwenda dukani na bolti kuukuu mkononi, tunamwambia muuzaji, "Nipe kama hii." Lakini pikipiki yenye umri wa miaka sita imepita mikono ya mafundi wangapi? Nani ajuaye kama iliyomo ndiyo iliyotoka kiwandani? Nimewahi kukuta kwenye mkono wa breki kipande cha nondo kilichochongwa meno kwa kerezo. Aliyekiweka bila shaka alikuwa fundi mzuri wa kerezo. Mwulize mwenye duka la vipuri bolti ya aina ya pikipiki yako kwa jina na mwaka wake. Usimwulize ya kufanana na uliyo nayo.

Ndugu Mwenyekiti, nakaribia mwisho, na mwisho wenyewe ndio mgumu.

Tangu serikali ilipotoa kanuni za leseni za pikipiki za abiria mwaka 2010, vijana wengi, na baadhi yao wametoka katika shule hii, wanaishi kwa bodaboda. Nawajua, ni wateja wangu. Kijana huleta pikipiki saa tano asubuhi, naye anadaiwa hesabu ya tajiri jioni. Nikimwambia bolti hii isirudi, hutazama saa yake. Tajiri naye nikimpigia simu huuliza kama haiwezi kusogea mpaka mwisho wa mwezi. Mimi nami nina vinywa nyumbani, na nikimkatalia, fundi wa jirani atamkubalia. Kwa hiyo tuko watatu, na kila mmoja ana sababu yake nzuri. Lakini yuko wa nne ambaye hakuitwa katika kikao: mama aliyebeba mtoto mgongoni, atakayepanda saa kumi jioni kwenda zahanati. Yeye hakuulizwa kitu, na ndiye aliyekaa mahali pasipo na breki wala usukani.

Mimi sina sheria ya kuleta hapa. Nina desturi yangu niliyoifuata tangu siku zile za magongo, nami nawaachia. Kotapini na washa za shaba naziweka mwenyewe akibani, nazo haziingii katika mabishano ya bei. Bei ya kotapini haifiki ya soda. Kila nilichokitoa namkabidhi mwenye pikipiki katika mfuko, akione kwa macho yake. Na kila nilichokirudisha kikiwa kuukuu namwandikia kwenye risiti, ili dereva ajue na tajiri ajue. Mara nyingi, nikisha kuandika, tajiri mwenyewe hunipigia simu kusema, "Weka mpya." Watu hawapendi kuona ubahili wao umeandikwa.

Na baada ya kufunga, msiseme kazi imekwisha. Zungusha gurudumu kwa mkono, kanyaga breki, achia, zungusha tena. Endesha polepole mahali tambarare na ujaribu breki zote mbili kabla hujamkabidhi mwenyewe. Mwambie arudi baada ya siku chache uikague nati kwa spana, bila malipo. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Na mguu wenyewe, katika habari hii, mara nyingi huwa ni wa mtu mwingine.

Vijana, wengine wenu mtakuwa madaktari, wengine wahasibu, wengine mtakaa ofisini kule Mtumba kwenye mji wa serikali. Kila kazi ina kotapini yake: kitu kidogo kilichochoka, ambacho ukikirudisha hakuna atakayeona leo. Mtakapofika siku ambayo kipya hakipo, na siku hiyo itakuja, fanyeni muwezavyo kwa kile mlicho nacho. Sisi sote tumefanya hivyo. Lakini mwenye safari mwambieni, ili aende polepole.

Yule bwana shamba aliendelea kuleta pikipiki yake kwangu mpaka alipostaafu. Kila alipokuja aliuliza swali moja kabla ya kusalimia: "Kuna cha kuniambia?" Na kila mara, kama kilikuwepo, nilimwambia.

Kopo hili namwachia mwalimu wa fizikia. Ndani yake mna bolti 40: nyingine zaweza kurudi, nyingine haziwezi. Wanafunzi wazichambue.